Dekio, Kura ya Juni na Kile Kifungu cha 119

(Wengi mmeniomba niandike yale niliyoongea Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025 pale ukumbini Ixelles, hapa Brussels, kwa sababu waliokaa nyuma spika ilikuwa inakwaruza na watoto walikuwa wanakimbizana. Nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza tu maneno mawili matatu ambayo mbele ya watu yanapita ila kwenye maandishi hayafai.)

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wenzangu mambo vipi. Dada zangu wa Lubumbashi na Bukavu, jambo yenu.

Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na mimi najijua, nitakula arobaini, kwahiyo wenye chai wanywe sasa hivi isije ikapoa. Ameniambia niongelee wanawake na siasa za Ulaya baada ya uchaguzi wa mwaka jana, nikamwambia mama mimi si msomi wa siasa, mimi nadeki. Akasema ndo maana tumekuita wewe. Haya basi.

Tarehe 9 Juni 2024 ilikuwa kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia wa hapa Ubelgiji. Sisi Watanzania mnajua uraia pacha kwetu hakuna, ukichukua huu ule unauacha, kwahiyo mimi nilishalia mwaka mzima kabla hata sijafika kwenye foleni. Barua ya kuitwa ilikuja mpaka nyumbani maana hapa kura ni lazima, nikavaa kitenge, nikaenda shule ya msingi ya mtaani kwetu. Wanakupa kadi kama ya benki, unaichomeka kwenye mashine, unabonyeza skrini, inatoka karatasi ina kile kimraba cha alama nyeusi, unaikunja, unaiskani, unaitumbukiza kwenye sanduku, basi, dakika tatu. Siku hiyo hiyo moja tulichagua bunge la mkoa, la nchi na la Ulaya. Na kwenye skrini nikaona majina ya wagombea, wanawake na wanaume kama wamepimwa kwenye mzani, kumbe ndo sheria ya hapa tangu 2002, orodha iwe nusu kwa nusu na wale wawili wa juu kabisa wasiwe jinsia moja. Nikasema moyoni, hawa wenzetu wameshamaliza hii kazi. Nikarudi nyumbani nikapika pilau.

Hawajamaliza. Pilau haijapoa televisheni ikaanza kutoa matokeo.

Bunge la Ulaya lina viti 720. Kabla ya uchaguzi wanawake walikuwa karibu asilimia 40, baada ya uchaguzi wakawa karibu 39. Mtasema asilimia moja ni kitu gani, ndo mnaniangalia hivyo, lakini sikilizeni, tangu wananchi waanze kulichagua hilo bunge moja kwa moja mwaka 1979, wakati wanawake hawakufika hata asilimia 17, kila uchaguzi namba ilikuwa inapanda tu. Hii ni mara ya kwanza imerudi nyuma. Cyprus ina viti sita na yote sita wamepewa wanaume, kati yao yumo kijana mmoja wa YouTube ambaye aliingia bila chama, Fidias Panayiotou. Malta sita pia, mwanamke mmoja tu, naye ni Roberta Metsola mwenyewe, spika wa bunge zima! Sweden wao wanawake ni zaidi ya nusu. Kwahiyo Ulaya sio moja jamani, tukisema "wazungu wanafanya hivi" tunakuwa kama wao wanavyosema "Afrika wanafanya hivi".

Na upande wa siasa zenyewe, wale wanaobeba ajenda ya usawa ndo waliokatwa zaidi. Wakijani, na nasema wakijani wa huku, nyie Watanzania msianze kucheka, walitoka viti 74 vya 2019 wakabaki na 53. Ujerumani peke yake wakijani walishuka kutoka asilimia 20 na kitu hadi 12. Wale wa kati wa Renew walishuka sana nao. Wasoshalisti walijikaza, 136, na mrengo wa kushoto wakapata 46. Halafu huku kulia ukijumlisha yale makundi matatu, lile la Wazalendo lenye 84, la Wahafidhina 78 na lile dogo kali kabisa lenye 25, unapata 187, kiti kimoja tu pungufu ya chama kikubwa kuliko vyote bungeni, kile cha Ursula von der Leyen, rais wa Halmashauri Kuu ya Ulaya. Ufaransa chama cha Le Pen kilipata zaidi ya asilimia 31 na Macron usiku ule ule akavunja bunge lake.

Sasa hapo mtu ananiuliza, na juzi kuna kaka aliniuliza kwenye basi, mbona juu kabisa wanawake wamejaa? Kweli. Metsola alirudi kwa kura 562. Ursula von der Leyen alirudi kwa kura 401 na alihitaji 360. Kaja Kallas wa Estonia anashika mambo ya nje. Ukiangalia picha ya pamoja unasema wanawake wameshika nchi.

Lakini ngoja niwaambie ile picha ilivyopatikana. Von der Leyen aliziandikia serikali zote, kila nchi ilete majina mawili ya kamishna, yaani kama waziri kwenye hiyo Halmashauri yake, mwanaume na mwanamke, yeye achague. Unajua ngapi zilitii? Bulgaria. Basi. Wengine karibu wote walileta jina moja na mara nyingi la baba fulani. Ikabidi mama apige simu, abembeleze, akaze uso, Romania wakabadilisha mwanaume wakaleta mwanamke, Slovenia hivyo hivyo, na mwisho wa yote wakatoka wanawake 11 kati ya 27. Yaani cheo kikubwa kama hicho na bado unatafuta majina ya wanawake kama mtu anayetafuta mashahidi wa harusi asubuhi ya harusi. Na kamishna wa usawa, zamani alikuwepo Helena Dalli kazi yake ni hiyo tu, sasa hivi ni Mbelgiji mwenzetu Hadja Lahbib na amepewa usawa pamoja na maandalizi ya majanga na misaada ya dharura. Majanga na usawa kwenye begi moja. Mimi sina ubaya na yule mama, ila nikiwa na mafuriko na usawa mezani kwangu najua nitaanza na kipi.

Kuna jingine ambalo hatulisemi vizuri. Mwanamke kukaa kwenye kiti haina maana kiti kimegeuka. Dada zangu wa Katanga mnamjua Cécile Kyenge, mtoto wa Kambove, daktari wa macho, aliyekuwa waziri wa kwanza mweusi Italia mwaka 2013. Walimrushia ndizi kwenye mkutano. Roberto Calderoli, ambaye wakati huo alikuwa naibu spika wa Seneti, alisimama mbele ya watu akamfananisha na orangutani. Baadae Kyenge akaja hapa hapa Bunge la Ulaya miaka mitano. Leo Calderoli ni waziri. Na amewekwa uwaziri na nani? Na serikali ya Giorgia Meloni, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Italia. Serikali hiyo hiyo mwaka jana mwezi wa nne imepitisha sheria ya kuruhusu vikundi vinavyopinga utoaji mimba viingie kwenye vituo ambako wanawake wanaenda kupata ushauri. Le Pen mwanamke, Alice Weidel wa AfD, kile chama cha kulia kabisa Ujerumani, mwanamke. Na wote hao wakipanda jukwaani wanasema wanawatetea wanawake, halafu ukisikiliza vizuri adui wa mwanamke kwenye hotuba zao ana sura ya mwanao wa kiume. Mimi mwanangu ana miaka kumi na saba, alipiga kura na mimi siku ile kwa sababu bunge la Ulaya hapa wanapiga kuanzia kumi na sita. Nilimwona kwenye foleni anasoma mabango. Hakusema kitu, mimi pia sikusema.

(Hapo mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Hayo mambo ya wazungu, tuyaache." Nikamjibu hivi.)

Baba, nakuheshimu. Lakini umeme wa nyumba yako, pensheni yako, makaratasi ya mkeo, vyote vinapitia huko. Na hilo la wanawake bungeni wala si la wazungu, Rwanda wako zaidi ya asilimia 60, hakuna nchi ya Ulaya inayoisogelea hiyo, na Kenya katiba yao ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili na mpaka leo bunge halijatekeleza, hata pale Jaji Mkuu Maraga alipomshauri rais 2020 alivunje. Kwahiyo sote tunajua mchezo huu, sheria inaandikwa na wino halafu inawekwa kwenye droo. Na hilo la droo ndo nataka kuliongelea.

Kwanza niseme kuna sehemu mambo yalienda vizuri, watu wanasahau. Finland, Li Andersson wa chama cha mrengo wa kushoto alipata kura zaidi ya 247,000 yeye peke yake, kwenye nchi yenye watu milioni tano na nusu, hajawahi mtu kupata hivyo kwenye uchaguzi wa Ulaya pale kwao. Denmark chama cha kisoshalisti cha kijani kilishika namba moja. Na mwezi uliopita tu Ujerumani, Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto ambacho majira ya baridi watu walishakiandalia jeneza, kilipata karibu asilimia 9, na kati ya wasichana wadogo, wale wa miaka 18 hadi 24, ndo kilikuwa cha kwanza kabisa. Wavulana wa umri huo huo wengi walienda AfD. Nyumba moja, meza moja, kaka huku dada kule. Hiyo inanitisha kuliko namba za bunge kwa kweli.

Na Poland. Hii naipenda na inaniuma. Mwaka 2020 mahakama yao ya katiba ilibana utoaji mimba karibu wote, wanawake wakajaa barabarani kwenye baridi, 2023 wakajaa kwenye vituo vya kura, asilimia 74 ya wapiga kura wakajitokeza, wakaiondoa ile serikali. Ushindi. Halafu Julai 2024, mwezi mmoja baada ya uchaguzi wa Ulaya, ukaja muswada mdogo tu wa kuacha kumfunga mtu anayemsaidia mwanamke kutoa mimba. Ukaanguka, 218 dhidi ya 215. Kura tatu! Walioangusha wengine walikuwa ndani ya muungano huo huo uliobebwa na kura za wanawake. Yaani umebeba bwana harusi mgongoni mpaka ng'ambo ya mto, akafika akakwambia viatu vyako vina matope.

Sasa nirudi kwenye dekio.

Mimi nasafisha ofisi karibu na Schuman kule, kwenye majengo ya Umoja wa Ulaya, saa kumi na moja alfajiri naingia, saa tatu natoka kabla wenye ofisi hawajaanza kutupa karatasi. Kampuni siitaji. Wiki iliyopita kwenye chumba cha mikutano walikuwa wamefanya shughuli ya wiki ya wanawake, nimekuta vikombe arobaini, sandwichi zimeumwa mara moja moja, na bango kubwa la kusimama limeandikwa usawa. Nilikuwa mimi na mwenzangu mmoja Mkongo na dada wa Morocco. Tulilikunja taratibu tukaliweka kwenye kona maana hatukujua kama ni la kutupa. Tulicheka sana, lakini sio hicho kilichonikaa.

Kilichonikaa ni slipu ya mshahara. Kwenye kampuni yetu kuna kaka mmoja anasafisha vioo. Mtu mzuri sana, hana neno. Siku moja slipu yake ilianguka kwenye lifti nikaiokota, nikaona. Anapata zaidi yangu kwa saa. Nikamuuliza akasema wasafisha vioo ni daraja lingine, vioo ni ufundi. Sawa, vioo ni ufundi. Na choo cha watu mia mbili? Dawa zile zinazochubua vidole, ndoo ya lita kumi na tano ghorofa ya nne lifti ikiwa mbovu, kujua dawa ipi haichanganywi na ipi usije ukajiua kwa moshi, hiyo ni nini? Kipaji cha kuzaliwa? Wasafisha vioo karibu wote wanaume, wasafisha vyoo karibu wote sisi. Hakuna aliyesema "mlipeni mwanamke kidogo". Hakuna anayesema hivyo Ulaya siku hizi. Wanaigawa kazi tu halafu kila nusu inapewa jina lake.

Nilipoenda kulalamika kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mama mtu mzima yule, Mbelgiji wa Liège, hakunipa fomu. Alinipa hadithi, na mimi nawapa nyie.

Kuna mji unaitwa Herstal, pembeni ya Liège, kuna kiwanda cha silaha. Wazee wa Kongo na Burundi mnaijua FN, zile bunduki za FAL zilizokuwa zinatembea kwetu ndo zilikotoka. Mwaka 1966 kiwandani humo kulikuwa na wanawake karibu 3,000 wanasimamia mashine, wamelowa mafuta kuanzia kichwani, walikuwa wanaitwa "wanawake-mashine". Mwanaume hata wa kufagia alikuwa anapata zaidi. Tarehe 16 Februari wakaacha kazi. Wakagoma wiki 12, kiwanda kikasimama mpaka wanaume nao wakakosa kazi maana wanawake ndo walikuwa wanatoa vipande vya kwanza. Na unajua walikuwa wameshika nini mkononi? Kifungu cha 119 cha Mkataba wa Roma wa 1957, mkataba ulioanzisha hii Jumuiya ya Ulaya tunayoiona leo. Kinasema mwanamke na mwanaume walipwe sawa kwa kazi sawa. Na kile kifungu hakikuwekwa kwa huruma! Kiliwekwa kwa sababu Ufaransa tayari ilikuwa na sheria ya mshahara sawa na iliogopa viwanda vya majirani vinavyowalipa wanawake kidogo vitauza bei chee. Biashara tu. Miaka tisa kimekaa kwenye droo, wanawake wenye mikono ya grisi ndo wakakitoa.

Walidai faranga 5 kwa saa wakapata 2.75. Nusu na kidogo. Sikilizeni hapo, hawakushinda yote.

Ila kuna mwanasheria aliwaangalia, Éliane Vogel-Polsky, akajiuliza, hiki kifungu mtu akikipeleka mahakamani kitafanya kazi au la? Akahangaika kutafuta mlalamikaji mpaka akapata mhudumu wa ndege wa Sabena, Gabrielle Defrenne. Sabena walikuwa wanawaondoa wahudumu wa kike wakifika miaka 40, wanaume wanabaki. Kesi ikazunguka miaka mpaka 1976, mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ikasema ndio, kifungu kina nguvu moja kwa moja, raia anaweza kukishika mbele ya hakimu wa nchi yake. Kila mwanamke Ulaya aliyeshinda kesi ya mshahara baada ya hapo amepita kwenye mlango huo.

Nimewaletea hii kwa sababu watu wengi wa mrengo wetu wa kushoto tangu Juni wamekaa kama wafiwa, bunge limeenda kulia, basi tena. Sawa, limeenda kulia. Lakini lile bunge lililopita kabla halijafa lilizaa, na watoto wana tarehe. Kuna sheria ya uwazi wa mishahara ya 2023, kila nchi ya Umoja wa Ulaya inatakiwa iwe imeiingiza kwenye sheria zake ifikapo tarehe 7 Juni 2026. Kwa sheria hiyo mimi nitaandika barua kwa mwajiri wangu, niambie wastani wa mshahara wa wanawake na wa wanaume kwa wanaofanya kazi kama yangu au kazi yenye thamani sawa, na ana miezi miwili ya kunijibu. Hawezi kunikataza kusema mshahara wangu. Hawezi kuniuliza kwenye usaili kazi ya zamani ulikuwa unalipwa ngapi, lile swali linalotutesa sisi wageni maana ukianzia chini unafia chini. Na thamani ya kazi inapimwa kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Hapo ndo naenda na ndoo yangu na choo changu na vioo vya yule kaka, tunaviweka mezani vyote.

Wanawake Ulaya kwa wastani bado wanapata asilimia 12 pungufu kwa saa. Sheria nyingine ni ya bodi za makampuni makubwa, asilimia 40 ya wale wakurugenzi wasio watendaji ifikapo Juni 2026, hiyo ilikaa kwenye droo miaka kumi tangu 2012, nafurahi imepita ila sitadanganya kuwa inanigusa, mimi bodi naifuta vumbi tu.

Ya tatu inatugusa, ile ya ukatili dhidi ya wanawake, ilipita bungeni Aprili 2024, mwisho wa kuitekeleza Juni 2027. Ina ukeketaji ndani, ina ndoa ya kulazimishwa, ina kusambaza picha za uchi za mtu bila ruhusa yake, yale mambo ya magrupu ya WhatsApp, na msiangalie chini, mnajua nasema nini. Lakini walinyofoa moyo wake. Bunge lilitaka kubaka kuandikwe kuwa ni tendo bila ridhaa, kwa Ulaya nzima, basi. Nani walikataa? Hungary ungetegemea. Lakini Ufaransa na Ujerumani pia! Walisema hiyo si kazi ya Brussels. Miezi michache baadae ikaanza kesi ya Avignon, huko huko Ufaransa, ya Gisèle Pelicot, mume anamlewesha dawa mkewe na kualika wanaume nyumbani miaka kama kumi, wanaume 51 wakapatikana na hatia Desemba, na baadhi walisimama kizimbani wakasema walidhani ruhusa ya mume inatosha. Hapa Ubelgiji ridhaa imeshaandikwa kwenye sheria tangu 2022, hilo nawapa.

Sasa upande wa pili wa droo. Mwezi uliopita Halmashauri Kuu ya Ulaya imetoa mpango wake wa kazi na ndani yake imesema inataka kuiondoa mezani ile sheria ya kutobaguliwa iliyopendekezwa 2008, ya dini, ulemavu, umri na mapenzi ya jinsia moja, nje ya kazini, yaani kwenye kupanga nyumba, shule, hospitali. Inahitaji nchi zote zikubali na miaka 17 hazijakubali, kwahiyo wanasema tuifute. Hakuna aliyepiga kura dhidi yake, hakuna kelele, mstari mmoja kwenye kiambatisho. Dada mwenye hijabu aliyenyimwa nyumba kwa simu, kwa sababu ya jina na kwa sababu ya kitambaa, anaambiwa cha jina kina sheria ya Ulaya, cha kitambaa hakina. Halafu tarehe 7 Machi, juzi Ijumaa, halmashauri hiyo hiyo ikatoa ramani ya haki za wanawake, ina maneno mazuri sana, nimeisoma kwenye tramu. Ramani sio barabara, kila aliyewahi kutafuta nyumba Molenbeek kwa simu iliyoisha chaji anajua.

Na hapa kwetu, baada ya miezi nane ya mazungumzo tumepata serikali mwezi wa pili, mawaziri 15, wanawake wanne. Wanne! Waziri mkuu mwanaume na manaibu wake wote wanaume, na usawa wenyewe kapewa mwanaume, simlaumu, huenda akafanya kazi. Serikali hiyo inataka kumkata pensheni anayestaafu mapema bila kutimiza miaka ya kazi inayotakiwa. Nani hajatimiza? Aliyefanya nusu siku kwa sababu ya watoto. Aliyekuja na miaka thelathini na tano akakaa minne anasubiri makaratasi. Naangalia ukumbini hapa nahesabu vichwa.

Dakika zimeisha, mwenyekiti ananionyesha saa.

Kwahiyo hivi. Yule mama wa chama cha wafanyakazi atakuja hapa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya misa, saa nane mchana. Njooni na slipu za mshahara, miezi mitatu, mwenye karatasi ya daraja la kazi aje nayo pia, majina mtaziba kwa kidole kama mnaogopa. Wanaosafisha nyumba za watu kwa zile cheki za huduma waje, wanaotunza wazee waje, kaka wa vioo nimemwambia na amekubali kuja na ya kwake. Tunaziweka mezani tunasoma kwa sauti. Kuna mtu atakayelea watoto kule chumba cha nyuma, na safari hii atakuwa mwanaume, nimeshaongea na wawili, mmoja kakubali.